Kesho Usiwe Mfaransa Sana

Mkaguzi akisoma gazeti yeye mwenyewe, habari haifiki mwisho. Husimama kila mstari kurekebisha sarufi ya mwandishi, na kuna mwaka kifo cha meya wa mji wa jirani kilichukua asubuhi nzima, maiti hajazikwa. Kwa hiyo pale kwa Odile gazeti la mkoa husomwa na Odile, mwenye baa, akiwa nyuma ya kaunta, miwani puani, kwa sauti ya mtu anayesoma masharti ya bima.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa tisa, jua limelala juu ya uwanja wa Villebrague kama paka aliyeshiba. Wazee watatu walikuwa wameegemeza mikate yao mirefu kwenye kaunta, kila mkate umeshang'atwa ncha. Hakuna aliyeona la kusema juu ya hilo. Mkate hung'atwa njiani, ndivyo ulivyoumbwa.

"Wageni wa nchi kumi na mbili wameulizwa Wafaransa ni watu wa namna gani," Odile akasoma. "Wamejibu kuwa ni wakorofi, ni walalamishi, wanapenda kugoma, wanaringia lugha yao, hawatabasamu, hawaogi vya kutosha, na mchana kutwa wako mezani."

"Nani kawauliza?" Mgomo akahoji.

"Gazeti halisemi."

"Basi ni uongo. Na kama si uongo, kwa nini hatukuulizwa sisi? Hiyo ndiyo shida ya nchi hii. Haulizwi mtu."

Jina lake la cheti ni Firmin Escudier, mstaafu wa reli. Jina la Mgomo alilipata kazini, na hakulipata bure.

"Halafu hilo la kulalamika wamechemka," akaendelea. "Sisi hatulalamiki, tunaeleza. Mtu anayeeleza kwa nini barabara imechimbwa wakati wa mavuno, kwa nini nyanya za siku hizi zina ladha ya maji ya bomba, na kwa nini mkandarasi ni mjomba wa meya, huyo analalamika? Huyo anatoa habari."

"Umezitoa tangu nilipofungua mlango," Odile akasema.

"Kwa sababu ni nyingi. Wingi wake ni kosa langu?"

"Na kugoma?"

"Sikuwahi kugoma kwa furaha. Nimegoma kwa huzuni, tena kwenye baridi."

"Ulinigomea mimi nilipobadilisha vikombe."

"Vikombe vyako vipya vilikuwa havina sikio la kushika."

"Ulikaa pale kituo cha basi wiki nzima na bango."

"Na kikohozi."

"Na kahawa nani alikuwa anakuvushia barabara?"

Mgomo akatazama dirishani. "Wewe."

"Kwenye vikombe gani?"

"Vya zamani," Mgomo akajibu, kwa utulivu wa mtu aliyeshinda kesi. "Ndiyo maana nikarudi."

Mkaguzi akakohoa kidogo, ishara kuwa darasa linaanza. Kwenye cheti huyu ni Théodule Pagès, aliyefundisha lugha katika shule ya sekondari ya mji mpaka wazazi wakaomba apumzike. "La kuringia lugha ni uzushi mtupu," akasema. "Juzi kijana mtalii kanisimamisha, ananiuliza kwa Kiingereza njia ya kwenda daraja la kale. Nilimwelewa neno kwa neno."

"Ukamjibu nini?"

"Sikumjibu. Alikosea wakati wa kitenzi."

"Kwa lugha yake mwenyewe?"

"Kosa ni kosa, Odile. Halina uraia."

"Wameandika pia kuwa mnavaa zile kofia bapa za sufu."

"Hadithi za mabibi. Hakuna anayezivaa tena." Mkaguzi akavua ya kwake, akaitazama ndani na nje, akairudisha kichwani. "Hii ni ya masikio."

Odile akageuza ukurasa. "'Hata hivyo, wageni wengi wamekubali kuwa Wafaransa ni mabingwa wa mapenzi.'"

Wazee wakainamia glasi zao. Mume wa Odile aliondoka na mke wa daktari wa meno miaka kumi iliyopita, daktari naye akafunga kazi kwa aibu, na mji mzima tangu siku hiyo husafiri mbali kung'oa jino.

"Bingwa mmoja alikuwa anakaa hapa," Odile akasema. "Sasa anakaa Toulouse." Akalamba kidole, akaendelea. "'Kuhusu chakula, wageni wanashangazwa zaidi na vyura na konokono.'"

Hapo vichwa viwili vikageukia mwisho wa kaunta. Anselme Bourrassol alikuwa mpeleka barua wa mji kwa baiskeli. Kila nyumba ilikuwa na kiti na glasi yake, na barua ya asubuhi ilikuwa inafika, ilifika tu, usiulize lini. Watu wakamwita Konokono, naye akaitika, kwa kuwa jina la utani ni kama mvua, ukibishana nalo unalowa zaidi. Lakini asubuhi hiyo tangu aingie hakuwa ametia neno. Alikuwa na shati jipya, shingo imekabwa, na glasi yake ya divai nyeupe ilikuwa imejaa kama alivyowekewa.

"Konokono," Mgomo akasema, "mbona leo umevaa kama maiti ya tajiri?"

"Wakwe wanakuja."

"Wakwe gani?"

"Wa binti yangu, Perrine. Baba na mama wa mchumba wake, Jelle. Wanakula kwangu mchana huu. Mke wangu kanifukuza jikoni, kasema nisirudi mpaka kengele ya saa sita, nikiwepo naharibu mchuzi kwa kuutazama."

"Waholanzi," Mkaguzi akasema, kama daktari anayetaja ugonjwa.

"Wale wanasafiri na viazi vyao toka kwao," Mgomo akasema. "Shemeji yangu ana kambi ya watalii kule mtoni, anawaona kila mwaka. Wanakokota nyumba nyuma ya gari, ndani wamepanga viazi, kahawa yao, karatasi yao ya chooni. Nyumba mgongoni kama konokono. Utakuta ni ndugu zako wa damu."

"Sasa huko si ndiko kusingizia watu?" Odile akauliza. "Wewe asubuhi nzima unalia kuwa gazeti limewasingizia."

"Sisi tumesingiziwa. Wao nimewaona."

Anselme hakucheka. Akaizungusha glasi yake. "Jana jioni Perrine kanikuta kwenye ngazi," akasema. "Kanishika mkono. Kasema, baba, nakuomba kitu kimoja tu. Kesho usiwe Mfaransa sana."

Mgomo akamgeukia mzima mzima.

"Kakutukana?" akauliza.

"Hapana. Kaniomba. Kwa upole. Ndiyo maana sikulala."

"Ni ile habari ya Pasaka," Odile akasema.

Habari ya Pasaka ilikuwa inajulikana mpaka kwa muuza nyama. Anselme alikwenda Uholanzi kumtembelea binti yake. Wazazi wa Jelle hawakuwapo, walikuwa safarini. Mchana Jelle akamwandalia baba mkwe meza kwa mikono yake: vipande vya mkate, vipande vya jibini, glasi ya maziwa. Wakala, wakashiba, kwa kadiri ya kushiba kwa huko. Jelle akaondoa sahani. Ndipo Anselme, bila ubaya wowote, akafungua leso mapajani na kuuliza: "Na chakula ni saa ngapi?"

"Nilidhani ile ni ya kufungulia njia," Anselme akasema, kwa mara ya mia. "Mtu yeyote angedhani."

"Mtu yeyote wa hapa," Mkaguzi akamsahihisha.

"Jelle kamwambia mama yake. Mama yake hajalisahau. Perrine anasema tangu Pasaka yule mama kila akipika anauliza, hiki ni chakula au si chakula. Sasa anakuja kukaa mezani kwangu. Nikikosea tena, mwanangu ataolewa huko huko, na mimi nitatumiwa picha." Akainua macho. "Nimekuwa Mfaransa miaka sitini na tatu. Nitaanza kuwa nani leo, na shati hili?"

Swali hilo likawaingia. Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi ile kwa kaunta nzima kukubaliana kuwa kuna tatizo, na Mgomo, aliyezoea mikutano ya dharura, akavuta kiti.

"Tuwe watu wa vitendo," akasema. "Kwanza, tabasamu."

Anselme akatabasamu.

"Acha," Odile akasema. "Unaonekana kama unauza makaburi."

"Onyesha meno machache zaidi. Hapo. Pili, usibishe. Wakisema neno, kubali."

"Wakisema uongo?"

"Kubali."

"Wakisema treni zao ni bora kuliko zetu?"

Mgomo akameza mate. Kwake hilo lilikuwa kama kuambiwa aikane mama yake. "Kubali," akasema kwa shida. "Mimi sitakuwepo."

"Wakisema jibini yao ni bora kuliko yetu?"

Wakatazamana. Odile akaweka gazeti chini.

"Hapo," Mgomo akasema, "omba radhi uende chooni. Ukae mpaka mada ibadilike."

"Huwezi kumtoa mtu Ufaransa wake kwa saa moja," Mkaguzi akasema. "Mtu hajifunzi lugha kwa kusikiliza, anahitaji mazoezi. Apate mgeni, azungumze naye kama mtu wa nchi nyingine."

"Mgeni gani?" Odile akasema. " Sisi anatujua, akitutabasamia tutaita gari la wagonjwa."

Mlango ukafunguliwa.

Waliingia mume na mke wa makamo. Mume mrefu, skafu ndefu ya kitani imezungushwa shingoni mara mbili ingawa kulikuwa na joto. Mke alikuwa na nywele fupi nyeupe na kikapu begani. Wakasalimia baa nzima kwa sauti, wakachagua meza ya dirishani, na mke akaagiza kahawa mbili kwa sentensi ndefu iliyopangika vizuri, haina hata uzi mmoja uliotokeza.

Mkaguzi akafumba macho kama anayesikia kinanda. Akanong'ona: "Paris."

"Una hakika?"

"Sikiliza vitenzi. Hakuna mgeni anayeweza kukiweka kitenzi namna ile. Wala Mfaransa wa kawaida hakiweki. Na ile r ya kooni? Paris, mtaa wa wenye mbwa wadogo. Naweka sahihi."

Habari hiyo ikaleta baridi kwenye kaunta. Mgeni wa nchi ya mbali ni mgeni, lakini mtu wa Paris ni jambo jingine. Yote yaliyoandikwa gazetini kuhusu Wafaransa, watu wa Villebrague wanayaamini, ila wanayaamini kuhusu Paris.

"Ndio wanaotuharibia jina," Mgomo akasema chini chini. "Mtalii anashuka kwenye ndege, anakutana na hao, anarudi kwao anasema Wafaransa."

Odile akapeleka kahawa, akaziweka mezani bila kutia chumvi wala sukari usoni. Mke akauliza kama kuna kitu kidogo cha kula.

"Jiko saa sita," Odile akasema.

"Hata kipande cha mkate?"

"Mkate ni chakula. Chakula saa sita."

Mke akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata jibu alilokuwa amelisoma mahali. Akafungua kikapu, akatoa kijisanduku, na ndani ya kijisanduku mkate na jibini. Wakaanza kula pale pale kwenye meza ya Odile.

"Umeona?" Mgomo akasema. "Anakuja na chakula chake. Ila ukisema wana roho ya korosho, umekuwa mbaya wewe."

"Haya, Konokono," Mkaguzi akasema. "Mazoezi ndiyo hayo. Ukiweza kuwa mwema kwa watu wa Paris, Waholanzi watakuwa mteremko."

Anselme hakutaka. Lakini akamkumbuka Perrine kwenye ngazi, na mkono wake. Akashuka kitini, akarekebisha ukosi, akaenda mezani kwao na tabasamu lile la meno machache.

"Karibuni Villebrague," akasema. "Mmependeza sana. Mji wetu umefurahi kuwaona. Hali ya hewa ni nzuri, na barabara zetu pia ni nzuri."

Kaunta ikasikia Mgomo akipaliwa.

Mume na mke wakatazamana. Mke akasogeza kikapu chake karibu na mguu. "Ahsante," akasema kwa tahadhari. "Unauza kitu?"

"Hapana, mama. Ni furaha tu."

"Furaha," mume akarudia, kama anayelijaribu neno ulimini.

Anselme akaendelea kutabasamu. Mke, asijue la kufanya na mtu anayetabasamu bila sababu, akamsogezea kijisanduku. "Basi onja. Jibini."

Anselme akaitazama. Ilikuwa ya njano, ya mraba, inang'aa kama sabuni ya hotelini. Nyuma yake alihisi macho manne ya marafiki na moja la Odile, kwa kuwa Odile akiwa na wasiwasi hufumba jicho moja. Akachukua kipande, akatia mdomoni. Hakikuwa na ladha ya maziwa, wala ya majani, wala ya mnyama yeyote aliyewahi kuishi.

"Unaionaje?" mume akauliza.

Jasho likamtoka Anselme chini ya shati jipya. Choo kilikuwa mbali, upande wa pili wa baa.

"Nzuri sana," akasema.

Mume akaweka mkate wake mezani. Alikuwa na macho ya bluu, ya mtu asiyependa kuzungushwa. "Bwana," akasema, "hii jibini ni mbaya. Ni mbaya kuliko yote niliyokula maishani. Mimi naila kwa kuwa tumeshainunua. Wewe kwa nini unadanganya?"

"Ni adabu," Anselme akasema kwa sauti ndogo.

"Tumeinunua jana kwenye kituo cha mafuta, barabara kuu, hapo hapo juu ya mji wenu. Mwenye duka kaapa kuwa ni ya hapa, ya maziwa ya kondoo wa mlima huu."

Anselme akageuka taratibu. Lile tabasamu likamwagika lote.

"Kasema ya wapi?"

"Ya hapa."

"Odile," Anselme akaita. "Umesikia? Kituo cha mafuta wanauza sabuni, wanasema ni jibini ya Villebrague."

Hapo uvumilivu ukafika ukingoni kwa wote. Mgomo alishuka kitini akitoa habari kabla miguu haijagusa sakafu: kuhusu kituo kile, aliyekipa kibali, na kondoo ambao hawajawahi kuonekana na mtu. Mkaguzi akaomba karatasi iliyofungiwa jibini, akaisoma, akakuta makosa mawili ya tahajia, akayaonyesha kwa kidole kama mpelelezi. Anselme akavuta kiti bila kukaribishwa, akamweleza mume, uso kwa uso, kuwa mtu anayeweka kitu kama kile mdomoni na kukimeza amekosa kujiheshimu.

"Mimi sijiheshimu?" mume akasema, akisogeza kiti mbele. "Wewe umekisifu."

"Nilikisifu kwa kulazimishwa."

"Nani kakulazimisha?"

"Binti yangu."

"Binti yako anauza jibini?"

Odile akaacha kaunta. Aliingia nyuma, kwenye friji yake mwenyewe, isiyoguswa na mteja, akarudi na ubao. Juu yake kipande kikubwa cha jibini ya kondoo ya shemeji yake, ina mishipa ya bluu na harufu ya zizi baada ya mvua. Akauweka mezani kabla ya saa sita. Mgomo akanyamaza kwa heshima, kwa kuwa jambo hilo halikuwa limewahi kutokea. Mkate wa Anselme ukavunjwa, kisha wa Mkaguzi, kisha, baada ya kusukumana kidogo, wa Mgomo.

Mume akala, akafumba macho. Hakusema nzuri. Akasema, "Kwa hiyo jana tumeibiwa," na kaunta yote ikaona kuwa ni mtu mwenye akili.

"Kwa watu wa Paris, hamna ubaya sana," Mgomo akasema kwa ukarimu.

"Paris?" mke akasema. "Sisi tunatoka Groningen. Uholanzi. Mimi nimefundisha Kifaransa huko, sasa nimestaafu."

Mkaguzi akavua kofia yake. Akaitazama ndani. "Nilisema kaskazini," akasema.

Lakini Anselme hakumsikia. Mkono wake ulikuwa umesimama hewani na kipande cha mkate. Mke yule alikuwa ameanza kuona haya kwa kula hivyo, akajieleza, akihesabu kuwa yuko kati ya watu asiowajua na hatawaona tena.

"Msituone walafi," akasema. "Tumealikwa chakula mchana huu hapa mjini, na mimi ninaogopa. Nimeomba tule kwanza ili nisionekane nina njaa. Ni kwa baba wa mchumba wa mwanangu. Mtu mkali sana wa chakula. Mwanangu alimwandalia chakula cha mchana kwa mikono yake, mkate na jibini nzuri, si hii, na yule mtu akauliza chakula ni saa ngapi." Akanyanyua mabega. "Tangu siku hiyo sipiki kwa amani. Najiuliza, anaona sisi ni watu gani?"

Odile akaanza kupanga vikombe vilivyokuwa vimeshapangwa. Mgomo akatazama dari. Mkaguzi akatazama tahajia. Anselme alijua kuwa akitaka anaweza kusimama sasa, aseme kwaheri, aende nyumbani, na kujifanya mtu mwingine mlangoni, ingawa hilo lingehitaji kubadilisha sura.

"Na wewe, bwana?" akamuuliza mume. "Wewe ulionaje, uliposikia hivyo?"

Yule mrefu akajifuta midomo.

"Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini," akasema. "Kwa sababu mimi nimekula mkate na jibini kila mchana kwa miaka thelathini na nane ya ndoa. Na kila siku, sahani zikiondolewa, swali hilo linanijia. Lile lile. Sikuwahi kuthubutu. Nikasema, huyo bwana nataka kumwona."

Mke wake akageuka, akamtazama. Ilichukua muda.

"Kila siku, Marten?" akauliza.

"Si Jumapili," Marten akasema.

Anselme akaweka mkate chini. Akasimama, akafungua kifungo cha ukosi, kwa kuwa jambo lile halikuweza kusemwa na shingo iliyokabwa. "Mama," akasema, "naitwa Anselme Bourrassol. Mke wangu amepika tangu alfajiri. Yule mtu ni mimi. Sikudharau mkate wa mwanao. Sikuujua. Nilidhani unaanza, kumbe ulikuwa umekwisha."

Hanneke, kwa kuwa ndilo jina lake, akamtazama, akayatazama makombo mezani, akamtazama tena. Mashavu yalimwiva. Halafu bega moja likaanza kutikisika, kisha la pili, akafunika uso kwa leso, na Odile, ambaye hakuwa ametabasamu ndani ya baa ile tangu mambo ya daktari wa meno, akageukia mashine ya kahawa na kukaa huko muda mrefu akiifuta.

"Haya, na treni zenu?" Mgomo akamwuliza Marten, akivuta kiti karibu. "Nasikia mnasema ni bora kuliko zetu."

"Ni bora."

"Kwa kipimo kipi?"

"Zinafika."

"Kufika si kipimo," Mgomo akasema. "Mimi nimefanya kazi reli. Hebu nikueleze kitu kimoja, halafu utaniambia wewe mwenyewe kama—"

Kengele ya saa sita ikalia. Mgomo akaacha sentensi pale ilipokuwa, akachukua kipande kilichobaki cha mkate wake, akaondoka. Mkaguzi alikuwa ameshafika mlangoni. Odile akakung'uta kitambaa. Katika Villebrague mtu hukatizwa na kengele hiyo hata akiwa anaungama, na padri huondoka kwanza.

Anselme akapanda na wakwe zake njia ya kanisani. Marten alikuwa bado na la kusema kuhusu treni, naye Anselme akabisha kwa niaba ya Mgomo, kisha wakabishana kuhusu mvua, kuhusu kodi, na kuhusu njia fupi ya kufika nyumbani, ambayo Marten aliiona kwenye simu na Anselme akaikataa kwa sababu alikuwa ameipita kwa baiskeli maisha yake yote. Wakapita ndefu. Hanneke alikuja nyuma akiwasikiliza, mikono mgongoni, kama mwalimu anayesimamia mtihani.

Perrine alikuwa amesimama mlangoni na aproni. Alisikia sauti ya baba yake toka kona ya mtaa, imepanda, inagombana na mtu, na rangi ikamtoka. Kisha akaona anayegombana naye ni nani.

"Baba," akasema. Hakuweza kuongeza neno. Akamgeukia Hanneke. "Mama, samahani. Kafanya nini?"

"Mwanzoni alikuwa na adabu sana," Hanneke akasema. "Akatusifu, akatabasamu, akasema barabara ni nzuri. Tukaogopa, tukadhani ni tapeli." Akambusu Perrine shavu hili na lile. "Lakini baada ya muda kidogo akapona."

Perrine akamtazama baba yake, ukosi wazi, makombo kifuani, kidole bado kiko hewani kikimwelekea Marten. Akakikunja kile kidole kwa mkono wake, akakishikilia.

"Ingieni ndani mkabishane," akasema. "Mchuzi unapoa."